Vibarua wa Norfolk wanajulikana kwa majina, wazee wetu je?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hivi karibuni kwamba kutafuta asili ya ukoo ni jambo la Wazungu, tena Wazungu wa koo kubwa, kwa kuwa wao wana nasaba zilizoandikwa tangu enzi za wafalme, ilhali sisi watu wa kawaida wa Dar es Salaam hatuna cha kutafuta kwa sababu babu zetu hawakujua kusoma wala kuandika. Barua yake nimeisoma mara mbili. Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo si kweli, na sehemu ya pili imeniumiza, kwa sababu inatukatisha tamaa kabla hatujaanza. Nasema hivyo kwa kuwa nimekaa majuma matatu katika chumba cha kusomea nyaraka huko Uingereza, nikimsaidia mama mmoja kutafuta wazee wake, na wazee hao hawakuwa mabwana wala makabaila. Walikuwa vibarua wa mashambani, na katika vizazi vinne tulivyovifuatilia hatukumpata hata mmoja aliyeweza kuandika jina lake mwenyewe.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa somo la historia, mzaliwa wa Gerezani na mkazi wa Magomeni. Binti yangu ameolewa Norwich, mji mkuu wa kaunti ya Norfolk, mashariki mwa Uingereza. Kaunti hiyo kwa eneo ni karibu mara nne ya Mkoa wetu wa Dar es Salaam, lakini watu wake hawafiki milioni moja. Ni nchi tambarare ya mashamba ya ngano, shayiri na viazisukari, na kila baada ya mwendo mfupi unauona mnara wa kanisa la mawe. Makanisa ya kale yaliyosalia huko yanazidi 600. Nilikwenda kumwona mjukuu wangu wa kwanza. Siku moja mkwe wangu, yaani mama mzazi wa mume wa binti yangu, ambaye ni muuguzi mstaafu, alinitandikia mezani karatasi kubwa aliyoanza kuichora kwa ajili ya mtoto. Upande wa kushoto, kwa baba wa mtoto, majina yalikuwa yamepanda kizazi baada ya kizazi hadi miaka ya 1760. Upande wa kulia, ambao ni upande wetu, palikuwa na jina la binti yangu, langu, la marehemu mume wangu na ya wazazi wetu, kisha karatasi ikawa nyeupe. Hakusema neno la kunitahayarisha. Aliniuliza tu kwa upole, "Dada, bibi yake bibi yako aliitwa nani?" Nikakosa la kumjibu, mimi niliyefundisha historia kwa miaka zaidi ya thelathini.

Nilimwomba anipeleke anakoyapata majina yake. Ofisi ya Kumbukumbu ya Norfolk iko pembezoni mwa mji, jirani na makao makuu ya kaunti, na mtu yeyote huingia bila kiingilio. Mkoba na koti huachwa nje ndani ya kabati, na kalamu ya wino hairuhusiwi, unaingia na penseli na daftari tu. Rejista nyingi za makanisa hawakupi zenyewe siku hizi. Unazisoma katika picha zilizopigwa, ili kurasa zisichakazwe na vidole. Lakini zipo karatasi nyingi ambazo hazijapigwa picha, na hizo unaletewa kama zilivyo, zikiwa zimefungwa kwa utepe mweupe wa pamba. Unazilaza juu ya mto wa sifongo, kisha unazikandamiza taratibu kwa kamba nzito iliyoshonewa vipande vya madini ya risasi ndani, mfano wa tasbihi ndefu iliyovikwa kitambaa. Bunda la kwanza lilipofunguliwa lilitoa harufu ya ghala la nafaka lililofungwa muda mrefu. Mkwe wangu aliinama akainusa karatasi kabla ya kuisoma, nami nikajikuta nafanya vivyo hivyo.

Kabla sijaeleza tulichokisoma, inafaa nieleze karatasi hizo zilifikaje hapo, maana ndipo lilipo jibu langu kwa msomaji mwenzangu. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliagiza kila parokia ya Uingereza inunue kitabu, na kila Jumapili padri aandike humo harusi zote, ubatizo wote na mazishi yote ya juma lililopita, mbele ya mzee wa kanisa kama shahidi. Kitabu hicho kilipaswa kuwekwa katika sanduku lenye makufuli mawili, ufunguo mmoja akae nao padri na wa pili wakae nao wazee wa kanisa, ili pasiwepo mtu wa kulifungua peke yake. Wananchi hawakufurahi hata kidogo. Ulienea uvumi kwamba mfalme anawaandika watu ili awatoze kodi kwa kila mtoto anayezaliwa na kila maiti anayezikwa, hofu ambayo wazee wetu waliomkimbia karani wa kodi ya kibanda wangeielewa mara moja. Mapadri wengi waliandika kwenye karatasi ovyo, nyingine zikaliwa na panya, na hatimaye mwaka 1598 ikaamriwa kwamba rejista ziandikwe kwenye ngozi, na kwamba kila mwaka kila parokia ipeleke nakala yake kwa askofu. Agizo hilo la nakala ndilo lililowaokoa watu wengi. Pale ambapo kitabu cha kijiji kiliungua au kiliibwa, nakala ya askofu mara nyingi ilibaki, na jina likabaki nayo. Sisi tunasema mali bila daftari hupotea bila habari. Wao waliligeuza neno kama hilo kuwa sheria, tena wakataka madaftari mawili.

Ni kweli kwamba wakubwa nao waliandikwa, tena kwa ufasaha. Padri Francis Blomefield wa kijiji cha Fersfield alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuandika historia ya Norfolk kijiji baada ya kijiji, akaichapa kwa mtambo aliouweka nyumbani kwake, na ndui ikamuua mwaka 1752 kabla hajaimaliza. Kazi yake imejaa mabwana wenye ardhi, ngao zao na makaburi yao ya marumaru. Kibarua humkuti humo. Kibarua anapatikana ndani ya lile sanduku la kanisa, na sababu kubwa ya kupatikana kwake ni umaskini wake.

Jambo hili sikulifahamu hata baada ya kufundisha historia miaka yote hiyo, kwa hiyo naomba wasomaji wanivumilie nilieleze kwa urefu. Kwa sheria ya mwaka 1662, mtu maskini wa Uingereza alikuwa na parokia moja tu iliyowajibika kumlisha akiumwa, akizeeka au akikosa kazi. Haki hiyo aliipata kwa kuzaliwa, au kwa kufunzwa ufundi mahali, au kwa kupanga nyumba au shamba la kodi ya pauni 10 kwa mwaka, au kwa kuajiriwa mwaka mzima akiwa bado hajaoa. Basi fundi au kibarua akihamia kijiji kingine, na wakubwa wa kijiji hicho wakaona kwamba anawaelemea au kesho atawaelemea, walimpeleka mbele ya mahakimu wawili akahojiwa chini ya kiapo: umezaliwa wapi, baba yako alikuwa wa wapi, umefanya kazi kwa nani, kwa muda gani, kwa ujira gani, umeoa lini na wapi, una watoto wangapi na wana umri gani. Karani aliandika kila jibu, karatasi ikasomwa kwa sauti, na mhojiwa akatia alama ya msalaba penye jina lake. Wakiona si mtu wa parokia yao, walimpakia yeye na mkewe na wanawe kwenye mkokoteni wakamrudisha alikotoka.

Karatasi ya namna hiyo, ya mwaka 1822, tuliipata katika bunda la kijiji kimoja karibu na mji mdogo wa Aylsham, na aliyehojiwa alikuwa babu wa babu wa babu yake mkwe wangu. Alikuwa na miaka ipatayo thelathini na minne. Alieleza kwamba baba yake alimweleza kuwa alizaliwa kijiji fulani. Kwamba tangu utotoni alifukuza ndege shambani. Kwamba alipokuwa kijana aliajiriwa na mkulima kuanzia Mikaeli, msimu wa Oktoba ambao vibarua wa huko waliwekeana mikataba, hadi Mikaeli ya mwaka uliofuata, akalala katika nyumba ya mwajiri na kupokea ujira wake wote. Mwaka uliofuata akaajiriwa na mkulima mwingine, lakini kwa wiki 51. Nilidhani karani amekosea hesabu. Mtunza nyaraka akatueleza kwamba halikuwa kosa. Wakulima wengi walikata wiki moja kwa makusudi ili mwaka usitimie, kibarua asipate haki ya kuwa mtu wa parokia ile, na wao wasije wakachangia kumlisha uzeeni. Mhariri, anayeishi Dar es Salaam na kuwajua vijana wanaoajiriwa kwa mkataba unaokatizwa siku chache kabla ya kutimia muda wa kupata haki zao, hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Chini kabisa palikuwa na msalaba wake. Haukuwa umenyooka. Mstari mmoja ulianza kwa wino mzito, ukakwaruza karatasi na kuishia mwembamba, kama wa mtu ambaye mkono wake umezoea jembe na leo ameshikishwa kalamu mbele ya wakubwa. Mkwe wangu aliuweka ukucha wake kando ya msalaba ule bila kuugusa, akanyamaza kwa muda mrefu. Hakuna picha ya mtu yule, hakuna kaburi lenye jina lake, hakuacha hata kijiko, lakini maisha yake kwa maneno yake mwenyewe yamejaa ukurasa mzima kwa sababu watu walitaka kumfukuza.

Vivyo hivyo kwa wanawake waliozaa nje ya ndoa. Katika rejista ya ubatizo, mahali pa baba pangeachwa wazi, na mtafutaji wa nasaba angesimama hapo. Lakini wasimamizi wa maskini hawakutaka kulea mtoto wakati baba yupo, kwa hiyo walimhoji mama, wakamtafuta baba, wakamwandikisha hati ya kulipa shilingi kadhaa kila juma, na hati hiyo ikaingia sandukuni. Kwa njia hiyo mkwe wangu alimpata mzee mmoja, fundi viatu wa kijiji cha jirani, ambaye ukoo ulikuwa umemficha kwa karibu miaka 200. Alicheka, kisha akaona huruma kwa yule binti aliyesimamishwa mbele ya mahakimu kueleza mambo yake.

Huruma hiyo iliongezeka tulipokwenda Gressenhall, katikati ya Norfolk, kwenye jengo kubwa la matofali mekundu lililojengwa miaka ya 1776 na 1777 kuwa nyumba ya maskini, ambalo sasa ni makumbusho. Baada ya sheria mpya ya maskini ya mwaka 1834, aliyetaka msaada mara nyingi alilazimika kuingia humo, na akiingia na familia yake walitenganishwa, mume upande wake, mke upande wake, watoto upande wao, wakionana kwa ruhusa. Wanawake waliozaa bila ndoa walivalishwa koti maalumu ili kila mtu awatambue. Mama wa mmoja wa wazee tuliokuwa tukiwafuatilia ameandikwa katika sensa ya 1851 akiwa ndani ya nyumba kama hiyo, na mbele ya jina lake limeandikwa neno moja la kumtaja kuwa ni fukara. Wapo waliotoka humo wakajulikana. George Edwards, aliyezaliwa kijiji cha Marsham mwaka 1850, aliingizwa pamoja na familia yake katika nyumba ya maskini ya Aylsham baada ya baba yake kufungwa kwa kuchukua tanipu, mboga ya mizizi, ili awalishe wanawe. Hakujua kusoma hadi alipooa na mkewe Charlotte akamfundisha, naye akaja kuwa kiongozi wa chama cha vibarua wa mashambani, na mwaka 1920 akachaguliwa kuwa Mbunge wa Norfolk Kusini. Lakini wengi waliingia na kutoka bila kuacha neno, isipokuwa lile la karani.

Sitaki wasomaji wafikiri kwamba kazi ni nyepesi. Kwanza majina hayaandikwi kwa namna moja, kwa kuwa mwenye jina hakujua kuliendeleza na karani aliandika alichosikia. Majina ya vijiji vya Norfolk yenyewe yanapotosha wageni. Mji unaoandikwa Wymondham wenyewe huutamka "Windamu", na kijiji cha pwani kinachoandikwa Happisburgh hutamkwa "Heizbra", hivyo karani wa sensa aliyetoka mbali aliandika anavyojua yeye, na mtu akapotea kwa sababu ya herufi mbili tu. Kisha kalenda. Hadi mwaka 1752 mwaka wa Waingereza ulianza tarehe 25 Machi, na mtoto aliyebatizwa Februari baada ya Desemba ya 1720 aliandikwa kuwa bado ni wa 1720, ambapo sisi tungesema 1721. Mwaka huo wa 1752 waliruka siku 11 nzima, wakalala tarehe 2 Septemba na kuamka tarehe 14. Niliposikia hayo niliwakumbuka wazee wetu waliohesabu umri kwa mwezi wa Kiislamu, kwa mwaka wa njaa au kwa vita vya Majimaji, na nikaona kwamba hatukuwa peke yetu katika kuwa na miaka inayohitaji kufasiriwa. Usajili wa serikali wa vizazi na vifo ulianza huko Julai 1837, na sensa inayotaja kila mtu kwa jina ilianza 1841. Kuanzia hapo njia inanyooka, nami sina haja ya kuieleza.

Wala wasifikiri kwamba wenzetu hawajapoteza kitu. Vitabu vyote vya sensa ya 1931 ya Uingereza na Wales viliteketea kwa moto mwaka 1942, tena si kwa bomu, na sensa ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita, kwa hiyo baada ya sensa ya 1921 kuna pengo la miaka thelathini. Huko Norwich kwenyewe, asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1994, maktaba kuu ya mji iliungua na zaidi ya vitabu 100,000 vikateketea. Chini ya jengo hilo hilo, katika vyumba vya chini ya ardhi, ndimo zilimohifadhiwa nyaraka za kaunti yote, zikiwamo wosia zinazoanzia mwaka 1370. Hazikuungua. Maji ya wazimamoto na unyevu viliziathiri baadhi, zikashughulikiwa, na baada ya miaka michache likajengwa jengo jipya kwa ajili yake, lile ambamo mimi na mkwe wangu tulikaa na penseli zetu. Kaunti ya wakulima, yenye barabara nyingi zinazohitaji matengenezo na shule zinazohitaji fedha, iliona inafaa kujenga nyumba ya karatasi kuukuu.

Pia wapo wanaofanya kazi hiyo bila kulipwa. Tangu mwaka 1968 Norfolk ina chama cha watafiti wa historia za koo, na wengi niliowaona ni wastaafu wa rika langu, walimu, madereva, wakulima, ambao hunakili rejista jina kwa jina. Wapo wanaopita makaburini na madaftari, wakilisubiri jua la pembeni litakaloziinua herufi zilizofutika juu ya mawe. Mzee mmoja alinionyesha jiwe ambalo mimi niliona ukungu wa kijani tu. Aliinamisha kioo kidogo hadi mwanga ukapita juu ya jiwe kwa ubavu, na jina la mtoto wa miezi tisa likatokea.

Sasa nirudi nyumbani. Nilipofika Dar es Salaam nilikwenda katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, kuuliza kumbukumbu za ndoa ya babu yangu mzaa mama, aliyeoa hapa mjini katika miaka ya 1930. Kijana aliyenipokea alikuwa na adabu, aliniita mama, akanipa kiti. Akaniambia kwamba ofisi ilipohama vitabu vya zamani vilionekana havina kazi, mchwa walikuwa wameviingia, na vikachomwa moto uani. Nilimuuliza kama kulikuwa na nakala mahali. Hakulielewa swali langu, na simlaumu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia kwamba daftari linaweza kuwa na nakala kwa ajili ya watu ambao bado hawajazaliwa.

Babu huyo ndiye anayenifanya niandike. Baba yake alichukuliwa Uzaramo kuwa mpagazi wa Waingereza baada ya wao kuiteka Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, na hakurudi. Tunalijua jina lake moja, basi. Katika kijiji cha mkwe wangu, kwenye jiwe lililo mbele ya kanisa, limechongwa jina la kijana wa ukoo wao aliyeuawa Ufaransa mwaka huo huo wa 1916. Na kwa kuwa mwili wake haukupatikana, jina lake limechongwa tena kwenye mnara wa kumbukumbu wa Thiepval, huko huko Ufaransa, pamoja na ya wenzake zaidi ya 72,000. Kijana huyo alikuwa kibarua wa shamba, kama baba wa babu yangu alivyokuwa mkulima wa mpunga. Hapa kwetu tuna sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927, yenye maneno mazuri na isiyo na jina la mtu hata mmoja, na tuna Kariakoo, ambayo jina lake limetokana na kikosi chenyewe cha wapagazi. Mwaka 2021 tume inayohusika na makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Naomba msomaji mwenzangu aitazame tofauti hii vizuri. Kijana wa Norfolk hakuwa na elimu kubwa kuliko wapagazi wetu, wala ukoo wake haukuwa bora. Yeye alikuwa na karani aliyetakiwa kumwandika na mtu aliyetakiwa kuitunza karatasi.

Tena si kweli kwamba hatuna pa kuanzia. Majalada ya utawala wa Wajerumani na wa Waingereza yapo Upanga, kwenye Nyaraka za Taifa, na mwananchi anaweza kuomba kuyasoma. Mahakama zina mafaili ya mirathi, ambayo hutaja mke, watoto, ndugu, nyumba na mashahidi, na kwa mtafutaji wa nasaba hayana tofauti na wosia wa Norwich. Misikiti ina madaftari ya ndoa, makanisa yana madaftari ya ubatizo, vyama vya maziko na vya ngoma vilikuwa na orodha za wanachama, na familia za Gerezani, Ilala na Kariakoo zina hati za nyumba zilizofungwa kwenye kanga na kuwekwa chini ya godoro. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inashughulikia kumbukumbu za umma. Karatasi hizi nyingine ziko mikononi mwa watu binafsi na taasisi za dini, na zinategemea huruma ya atakayefagia stoo. Uingereza nako ilikuwa hivyo kwa muda mrefu, mpaka Kanisa lilipojiwekea kanuni mwaka 1978 kwamba rejista zilizofungwa, yaani zisizoandikwa tena, zenye umri wa zaidi ya miaka 100, zipelekwe kwenye ofisi ya kumbukumbu ya kaunti, isipokuwa kwa ruhusa ya askofu. Nawasihi viongozi wa dini wa mkoa huu walifikirie jambo la namna hiyo, na kama kuyahamisha madaftari ni kugumu, basi angalau yapigwe picha, nakala zikae mahali pengine. Simu iliyo mfukoni mwa kijana yeyote wa kwaya au wa madrasa inatosha kuifanya kazi hiyo.

Na tunayo hazina moja ambayo mkwe wangu alinionea wivu kwa kunitamkia. Yeye hana mtu wa kumuuliza. Waliokuwa wakijua wote wamekwisha, amebakiwa na karatasi. Mimi bado nina mama yangu mdogo, mwenye miaka 91, anayekaa Mbagala, ambaye macho yamepungua lakini akili ni nzima. Kila Jumamosi naenda kwake na daftari la kurasa 200. Mwanzoni alidhani nataka habari za urithi wa kiwanja, akawa mzito wa kusema. Nilipomwonyesha picha ya ile karatasi ya mjukuu wangu, upande mmoja umejaa na mwingine mweupe, aliniambia niisogeze karibu na dirisha, akaipapasa kwa kiganja upande ule mtupu, akaanza kutaja. Hadi sasa amenipa majina 43, na watani wetu wa kijijini wamenisahihisha mawili. Jina la bibi yake bibi yangu amelipata: anasema alikuwa mfinyanzi wa vyungu aliyehamia Maneromango akiwa ameolewa, na kwamba alizikwa penye mwembe ambao sasa haupo.

Kwa hiyo nina ombi kwa wasomaji wa gazeti hili. Ikiwa yupo mtu ambaye wazee wake walikuwa wakiishi Maneromango au vijiji vya jirani na ambaye amewahi kusikia habari za mfinyanzi huyo, au aliye na daftari lolote la ndoa au la chama cha maziko la Gerezani la kabla ya Uhuru, naomba amwandikie Mhariri, nami nitakuja kulisoma hapo hapo lilipo, kwa penseli.

Wasalaam,
Mwalimu mstaafu,
Magomeni, Dar es Salaam